Ituri: Mshale lazima ulingane na upinde wake, na ujuzi huo uko hatarini

Ukiwaona wawindaji wa Kiefe wakitoka kambini, kaskazini-mashariki mwa msitu wa Ituri, unaweza kudhani kila mmoja amebeba mishale ya namna moja. Sivyo. Katika fungu moja kuna mishale ya mti mtupu, yenye ncha iliyokaushwa kwa moto na kupakwa sumu ya mimea, na kuna mishale yenye kichwa cha chuma. Ile ya mti ni ya makako walio juu ya miti. Ile ya chuma ni ya mboloko na wanyama wengine wanaotembea chini.

Upinde ni ule ule mmoja. Kinachobadilika ni mshale, na anayechagua vibaya hurudi mikono mitupu, au mbaya zaidi, humjeruhi mnyama ambaye atakwenda kufia mahali ambapo hakuna atakayemwona.

Watu wengi mijini, kutoka Bunia hadi Kisangani, wanauona upinde wa msituni kama kitu rahisi: mti uliopindwa, kamba, na kijiti chenye ncha. Ukweli ni kwamba kuulinganisha mshale na upinde ni kazi ya vipimo. Viwandani kazi hiyo hufanywa kwa mizani na rula. Msituni hufanywa kwa jicho, kwa vidole na kwa moto. Ujuzi huo hufundishwa kambini, mkono kwa mkono, na leo kambi nyingi haziko tena mahali zilipokuwa.

Watu wa upinde na watu wa nyavu

Wakaaji wa asili wa msitu wa Ituri hawawindi wote kwa njia moja. Wambuti wanaoishi upande wa Epulu na kusini zaidi, karibu na wakulima wa Kibila, wanajulikana kwa nyavu. Familia nyingi hufunga nyavu zao pamoja na kuzungusha sehemu ya msitu, kisha wanawake na watoto huwakimbiza wanyama kuelekea huko. Waefe, majirani wa Walese, ni watu wa upinde.

Tofauti hiyo imewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Muingereza Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa Epulu katika miaka ya 1950, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1961, «The Forest People». Baada yake walikuja watafiti wa Kijapani katika miaka ya 1970 na Wamarekani katika miaka ya 1980, wakahesabu saa za kuwinda na kilo za nyama za pande zote mbili.

Kwa mtu wa upinde, mambo ni tofauti kabisa na ya nyavu. Wavu ukiwa na tundu, jirani ana wavu mwingine. Mwenye upinde anayemvizia mnyama kwenye mti wenye matunda yaliyoiva yuko peke yake na mshale mmoja kwenye kamba. Mara nyingi hapati nafasi ya kurusha wa pili. Hata wanapowinda kwa kundi pamoja na mbwa, wale mbwa wa Ituri wasiobweka na wanaovishwa kengele ya mti shingoni, mboloko hupita mbele ya mwindaji kwa muda mfupi sana. Mshale lazima uende pale jicho linapotazama, mara ya kwanza.

Mishale miwili, kazi mbili

Tuanze na makako. Yuko juu, nyuma ya matawi na majani. Mshale utakaorushwa kwake huenda usirudi, kwa sababu unaweza kukwama kileleni. Kwa hiyo haifai kuupachika chuma, ambacho hakipatikani bure. Ncha ya mti inatosha, kwa kuwa kazi ya kuua haifanywi na jeraha bali na sumu inayougusa moyo wa mnyama. Mshale huo unatakiwa kuwa mwepesi, wa kupanda haraka, na wa kutengenezeka kwa wingi.

Mboloko ni jambo lingine. Ni mnyama mdogo, wa kilo 4 hadi 6 hivi, lakini anakimbia chini kwenye vichaka na anapotelea haraka. Hapo panahitajika kichwa cha chuma chenye makali, kinachokata na kumwangusha karibu, au kuacha njia ya damu ambayo mbwa wataifuata. Chuma ni kizito kuliko mti, nacho kinabadilisha mwendo wa mshale mzima.

Chuma hicho hakitoki msituni. Tangu zamani Waefe wamekipata kwa majirani zao wakulima, wakibadilishana nao nyama, asali na kazi za shambani. Ndiyo maana mshale wa chuma ni kazi ya watu wawili: mhunzi wa kijijini na fundi wa kambini anayeupachika kwenye uti unaoweza kukibeba.

Nyuma ya mshale, mahali ambapo mafundi wa nchi nyingine huweka manyoya ya ndege, mafundi wa Ituri hupasua uti kidogo na kupenyeza kipande cha jani gumu. Jani hilo hufanya kazi ya manyoya: hukamata hewa na kuuzuia mkia wa mshale usiyumbe. Likichanika, majani mengine yako hatua tatu kutoka hapo.

Kamba ya upinde nayo ni ya kekele iliyopasuliwa na kulainishwa. Katika msitu ambao mvua hunyesha karibu mwaka mzima, uchaguzi huo una maana. Kamba ya mshipa wa mnyama hulegea ikilowa, na upinde hupoteza nguvu saa ile ile unapohitajika. Kwenye kifundo cha mkono unaoshika upinde, mwindaji huvaa kinga ya ngozi ya makako, ili kamba inaporudi isimchubue.

Kwa nini mshale hupinda kabla ya kwenda

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Wengi wanadhani mshale mzuri ni ule usiopinda hata kidogo. Kumbe mshale usiopinda kabisa hauwezi kwenda sawa kutoka kwenye upinde wa jadi.

Sababu ni rahisi kuiona. Upinde wa jadi ni mti mzima, hauna pengo katikati la kupitisha mshale. Mshale hulala kando ya mti huo. Kamba inapoachiwa, inausukuma mshale kuelekea katikati ya upinde, na katikati kuna mti. Ili upite, mshale hujikunja kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili, kama samaki anayeogelea, unauzunguka mti wa upinde na kunyooka mbele ya safari. Jicho halioni hayo. Wamarekani walithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1930 kwa kamera za kasi kubwa.

Kutokana na hapo hutokea kanuni ya kwanza ya fundi yeyote wa mishale: ugumu wa uti lazima ulingane na nguvu ya upinde. Upinde wenye nguvu hutaka uti mgumu. Upinde mwepesi hutaka uti unaokubali kupinda. Uti ule ule unaokwenda sawa kwenye upinde wa baba utapotea ukirushwa na upinde wa mtoto wake.

Viwandani ugumu huo hupimwa hivi: uti wa mbao huwekwa juu ya vishikio viwili vilivyoachana inchi 26, yaani sentimita 66, kisha uzito wa pauni 2, karibu gramu 907, hutundikwa katikati. Wanapima uti umeshuka kiasi gani. Ukishuka sentimita 1.3 hivi, uti huo unafaa upinde wa pauni 50, yaani unaohitaji nguvu ya kilo 22 hadi 23 kuuvuta. Ukishuka zaidi, ni wa upinde mwepesi. Fundi asiye na mizani huushika uti kwa ncha zote mbili, huusukuma katikati kwa kidole gumba, na kuulinganisha na mshale wa zamani anaojua kwamba unakwenda vizuri. Kipimo ni kile kile.

Kuna mambo mawili yanayobadilisha ugumu huo bila kuubadilisha mti wenyewe. La kwanza ni urefu. Uti mrefu hupinda zaidi, na ukiukata kidogo unakuwa mgumu. La pili ni uzito wa kichwa. Chuma kizito mbele huufanya uti upinde zaidi wakati wa kuondoka. Hii ndiyo sababu huwezi kuchukua mshale wa makako, ukaupachika chuma, ukategemea uende kama kawaida. Mshale wa chuma unahitaji uti wake, mnene au mfupi zaidi.

Kuchagua na kurekebisha, hatua kwa hatua

Kanuni hizi zinamfaa kijana wa Mambasa anayejifunza kwa babu yake, na zinamfaa pia mtu wa mjini anayetaka kurusha shabaha kwa upinde wa mti kama mchezo.

Kwanza ni upinde wenyewe. Chagua ule unaoweza kuuvuta na kuushikilia bila mkono kutetemeka. Waefe ni watu wafupi, na pinde zao ni ndogo. Hilo si udhaifu: upinde mdogo hupita kwenye vichaka na hukaa vizuri mikononi mwa mtu aliyejibanza juu ya tawi. Anayechukua upinde mkubwa kuliko mwili wake hulenga kwa haraka, naye hukosa.

Pili, mti wa mshale. Tafuta uti ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, usio na kifundo. Uache ukauke polepole. Ukipinda, upashe joto juu ya makaa bila kuuchoma, unyooshe kwa mikono, na uushikilie hivyo hadi upoe. Ukiuachia ungali moto, utarudi ulivyokuwa. Mshale ulionyooshwa leo unaweza kupinda tena baada ya wiki ya mvua, kwa hiyo kazi hiyo haiishi.

Tatu, uzito. Kwa pinde za jadi, kipimo kinachofuatwa na wengi ni gramu 1.1 hadi 1.4 za mshale kwa kila kilo ya nguvu ya upinde. Upinde wa kilo 20 unataka mshale wa gramu 22 hadi 28. Mshale mwepesi mno ni hatari, kwa sababu nguvu ambayo haikuondoka na mshale hubaki kwenye mti wa upinde na inaweza kuuvunja. Ndiyo maana hairuhusiwi kamwe kuvuta kamba na kuiachia bila mshale.

Nne, mahali pa uzito. Uweke mshale juu ya kidole hadi ukae sawa bila kuanguka. Kidole kinatakiwa kiwe mbele ya katikati, upande wa kichwa. Kwa mshale wa sentimita 70, sentimita 7 hadi 10 mbele ya katikati zinatosha. Mshale ambao mkia wake ni mzito kuliko kichwa hujaribu kugeuka hewani.

Tano, nafasi kati ya kamba na mti wa upinde. Kamba ikiwa karibu mno na mti, humpiga mtu kwenye kifundo cha mkono na mshale hutoka kwa kelele. Ikiwa mbali mno, upinde hupoteza nguvu. Kamba ya nyuzi husokotwa ili ifupike. Kamba ya kekele haisokotwi, hufunguliwa na kufungwa upya. Ukishapata nafasi ambayo upinde unanyamaza, weka alama na uilinde.

Sita ni jaribio lenyewe. Tengeneza mshale mmoja usio na jani wala manyoya, urushe kwa karibu, meta 8 au 10, kwenye udongo laini au fungu la majani makavu, pamoja na mingine iliyokamilika. Mshale huo mtupu hausaidiwi na chochote, kwa hiyo unasema ukweli. Kwa mtu anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto na kulaza mshale upande wa kushoto wa mti, mshale mtupu ukienda kushoto kuliko mingine, uti ni mgumu mno: uache mrefu zaidi, uuchonge upungue unene, au ongeza uzito mbele. Ukienda kulia, uti ni laini mno: ukate kidogo kidogo, au punguza uzito wa kichwa. Mkia ukiingia ukiwa umeinuka au umeshuka, badilisha mahali unapouweka mshale kwenye kamba, juu au chini kidogo.

Kabla ya kila kurusha, pitisha kidole kwenye uti wote na uupinde kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa ufa, uvunje na uutupe. Mshale wenye ufa unaweza kupasuka wakati kamba inauachia na kuingia kwenye mkono.

Dawa ya kwanza ni kukaribia

Hata mshale uliolingana kabisa hauwezi kuushinda uzito wake. Tuchukue mshale unaokwenda meta 45 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa upinde wa mti. Kufika meta 15 hutumia theluthi moja ya sekunde, na katika muda huo huanguka zaidi ya nusu meta. Kwa nusu ya umbali huo, meta 7 na nusu, huanguka sentimita 14 tu.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mwindaji wa Ituri hutumia muda mwingi kusubiri kwenye mti wenye matunda, na muda mfupi sana kurusha. Mnyama pia husikia kamba kabla mshale haujafika, akaruka. Kila meta inayopunguzwa ni thamani kuliko kilo inayoongezwa kwenye upinde.

Kinachoweza kupotea

Upinde una tabia moja ambayo bunduki na mtego wa waya havina: unamlazimisha mtu achague. Anamwona mnyama, anamtambua, anaamua. Waya haujui tofauti kati ya mboloko na okapi. Unamkamata yeyote anayepita, usiku na mchana, hata mwenye mtego asiporudi kuukagua na nyama ikaoza. Bunduki nayo inaua kwa mbali na kwa wingi, na nyama ya pori inapakiwa kwenye pikipiki kwenda sokoni.

Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuandikwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996, ina karibu kilometa za mraba 13,700. Tangu 1997 imo kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Ndani yake kuna sehemu iliyofungwa kabisa, na kuna sehemu ambako uwindaji wa jadi wa kujitafutia chakula unakubaliwa kwa wakaaji. Okapi mwenyewe haguswi popote. Mpango huo unategemea jambo moja: kwamba uwindaji wa jadi uendelee kuwa wa jadi. Kijana asiyejua kutengeneza mshale unaokwenda sawa hataacha kula nyama. Atanunua waya.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za watu wa asili wa nchi yetu, inatambua haki zao juu ya ardhi na mali za msitu wanazotumia, pamoja na utamaduni wao. Lakini sheria haimfundishi mtoto kunyoosha uti juu ya makaa. Hilo linahitaji kambi, wazee, mti unaofaa, na muda. Katika wilaya za Mambasa na Irumu, mashambulizi ya ADF na makundi mengine yamewafukuza watu kutoka msituni hadi kando ya barabara. Machimbo ya dhahabu yameingia mahali palipokuwa na makambi. Mtoto anayekulia kandokando ya barabara anauona upinde, lakini haoni fundi akitupa uti wa tatu na wa nne kabla ya kuukubali wa tano.

Kuhifadhi upinde kwenye kabati la vioo hakutoshi. Upinde uliotenganishwa na mishale yake hauelezi chochote kuhusu ugumu, uzito wala umbali. Anayetaka kweli kuutunza ujuzi huu, awe mwalimu, mlinzi wa hifadhi au shirika, aanze kwa mambo madogo: kuwalipa wazee kama walimu wanaostahili mshahara, kuandika jina la kila mti katika Kiefe na Kilese, kupima nguvu ya kila upinde pamoja na urefu na uzito wa mishale yake, na kuwapa vijana nafasi ya kurusha hadi wajue wenyewe kwa nini mshale ulikwenda kushoto. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama: mizani ya sokoni, rula, daftari na asubuhi chache zinatosha. Inachohitaji zaidi ni ifanywe wakati wale wanaojua wangali hai.